Kuta za picha mjongeo: LED, LCD, projekta, au mwanga nyuma ya tofali

Mwenye jengo anayetaka ukuta wa picha mjongeo katika ukumbi wake wa mapokezi kwa kawaida huwa amekwisha kuona skrini kubwa ya LED katika uwanja wa ndege au hoteli fulani, na anapomwita msanifu majengo maswali yake huwa mawili: iwe kubwa kiasi gani, na itagharimu kiasi gani. Maswali hayo yana mahali pake, lakini yakitangulia huharibu uamuzi wote, kwa sababu huchukulia kwamba chombo kimeshachaguliwa. Ulinganisho huu unaanzia mbali zaidi: mwanga unaoingia chumbani, umbali wa anayetazama, na sura ya ukuta saa ambazo hauonyeshi chochote. Mambo hayo matatu yakijulikana, chombo karibu hujichagua chenyewe, na mara nyingi huwa si kile alichokitarajia mwenye jengo.

Njia zinazolinganishwa ni nne. Ya kwanza ni LED ya moja kwa moja, yaani vitaa vidogo sana vinavyopangwa kwenye moduli, moduli zikaunganishwa kuwa uso mmoja mkubwa, na kila kitaa kikatoa mwanga wake chenyewe. Ya pili ni skrini za LCD zinazopangwa bega kwa bega, kwa kawaida za inchi 55, ambazo kila moja ina taa nyuma ya kioo chake na fremu nyembamba pembeni. Ya tatu ni projekta, ambayo haiugusi ukuta hata kidogo; huumwagia mwanga kutoka mbele, au kutoka nyuma iwapo uso wa ukuta ni kitambaa au kioo chenye ukungu. Ya nne haizungumzwi sana kwetu, nami nitaitetea: ni kuweka taa chache, kila moja ikidhibitiwa peke yake, ndani au nyuma ya malighafi ya jengo lenyewe, iwe kioo, akriliki au tofali za matundu, ili picha itokeze kwa nukta chache na ukuta ubaki kuwa ukuta.

Mwanga wa chumba hutangulia bei

Projekta ndiyo inayoumizwa zaidi na mwanga wa mchana, na hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba kila mshitiri anaweza kuifanya kabla ya kutia saini. Tuchukue ukuta wa mita 4 kwa mita 2.25, yaani mita za mraba 9, na projekta ya lumeni 6,000, lumeni ikiwa kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye projekta. Ukigawanya 6,000 kwa 9 unapata takribani luksi 667, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba, ambazo ndizo zitakazoufikia ukuta mahali picha ilipo nyeupe kabisa. Kisha pima mwanga uliopo ukutani projekta ikiwa imezimwa. Chumba kikiwa na giza la luksi 10, sehemu nyeupe ya picha itakuwa na luksi 677 na sehemu nyeusi luksi 10, hivyo nyeupe itaizidi nyeusi karibu mara 68 na picha itapendeza. Taa za ofisi zikiuletea ukuta luksi 300, nyeupe itakuwa 967 na nyeusi 300, uwiano utashuka hadi mara tatu na kidogo, na kila kilichokuwa cheusi kitageuka kijivu. Katika ukumbi wenye vioo kutoka sakafuni hadi darini, Dar es Salaam au Mombasa saa sita mchana, luksi 1,000 ukutani si jambo la ajabu, na hapo nyeupe haifikii hata mara mbili ya nyeusi. Ufundi wa picha hauwezi kurudisha kilichopotea, kwa kuwa projekta haina uwezo wa kutoa weusi: weusi wake ni ukuta wenyewe jinsi ulivyo kabla ya picha kuwashwa.

Ndiyo maana kazi kubwa za projekta zinazosifiwa ulimwenguni hufanyika gizani. Atelier des Lumières ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 2018 ndani ya kiwanda cha zamani cha kuyeyushia chuma, hutumia projekta zipatazo 140 kufunika kuta, nguzo na sakafu, na wageni huingia mahali palipozibwa mwanga wa nje. Kuba la Al Wasl, lililojengwa kwa ajili ya Expo 2020 ya Dubai, lilirushiwa picha na projekta 252 juu ya kitambaa kinachopitisha mwanga. Mchana lilikuwa kivuli cha kupumzikia, na onyesho lilisubiri jua lizame. Kama kuba lenye fedha za Dubai lilisubiri magharibi, hoteli ya Nyali au Masaki haina sababu ya kuahidiwa onyesho la saa nane mchana.

LED ina tabia iliyo kinyume. Skrini ya ndani kwa kawaida hutoa niti 600 hadi 1,000, niti ikiwa kipimo cha mng'ao unaotoka kwenye uso na kulifikia jicho, na uso wake mweusi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga wa chumba, kwa hiyo mchana haina shida. Shida huja usiku. Mgahawa wenye taa hafifu ukiwekewa ukuta wa niti 800, nyuso za wateja hugeuka rangi kila picha inapobadilika, na aliyekuja kula na mwenzake hujikuta ameketi mbele ya tangazo. Skrini lazima ipunguzwe hadi niti 100 au chini ya hapo, na hapa ndipo LED nzuri inapotengana na ya ovyo. Mwombe muuzaji ashushe mwanga hadi asilimia 15 huku ikionyeshwa picha ya anga la jioni au uso wa mtu mweusi kivulini. Skrini dhaifu itaonyesha mabaka na mistari mahali panapopaswa kuwa na vivuli laini, na ngozi zetu zitaonekana kama zimepakwa masizi. Jaribio hili halichukui hata dakika tano, na linafichua mengi kuliko karatasi yoyote ya sifa za bidhaa.

LCD iko katikati kwa mng'ao, takribani niti 500 hadi 700, lakini ina kioo, na kioo hurudisha taswira ya dirisha lililo mkabala nacho. Ikiwa ni lazima itumike katika chumba chenye jua, iwekwe kwenye ukuta ulio kando ya madirisha, wala isikabiliane nayo.

Umbali wa mtazamaji, na mishono

Katika LED kipimo kinachouzwa ni umbali kati ya pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, na nyingine, unaotajwa kwa milimita. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila milimita moja ya umbali huo inahitaji angalau mita moja kati ya mtazamaji na ukuta, la sivyo jicho huanza kuona nukta badala ya picha. Ukuta wa milimita 2.5 basi unamfaa mtu aliyesimama mita mbili na nusu au zaidi. Mwenye jengo akisikia hivyo husema apewe iliyo laini zaidi, bila kujua kwamba kupunguza umbali kwa nusu huongeza idadi ya pikseli mara nne: ukuta wa milimita 2.5 una pikseli 160,000 kwa kila mita ya mraba, na wa milimita 1.25 una 640,000. Bei haipandi mara nne kamili, ila huelekea huko. Katika ukumbi ambao kaunta ya mapokezi iko mita sita kutoka ukutani, fedha inayotumika kushuka chini ya milimita 2.5 hainunui chochote ambacho jicho litakiona.

LCD hushinda kwa ukali wa picha kwa kila shilingi. Skrini 9 za inchi 55 zikipangwa tatu kwa tatu hutoa uso wa takribani mita 3.63 kwa mita 2.04 wenye pikseli 5,760 kwa 3,240. LED yenye ukali huo ingehitaji pikseli zilizoachana kwa milimita 0.63 tu, na bei yake ingekuwa ya daraja lingine kabisa. Gharama ya LCD ni mishono. Hata aina bora huacha ufa wa milimita 0.88 kati ya picha na picha, na zile za bei nafuu huacha milimita 3.5. Kwenye ramani au takwimu za benki jicho huizoea mistari hiyo. Kwenye picha ya bahari au uso wa mtu, mistari minne iliyokatizana huwa ndiyo kitu cha kwanza kuonekana, na haiondoki. Kwa sababu hiyo naiona LCD kuwa chombo cha kusomea, kinachofaa makumbusho, kliniki, stesheni na vyumba vya kusimamia mitambo, mahali watu wanaposimama karibu na kutafuta habari. Kuiita sehemu ya usanifu wa ndani ni kuibebesha kazi isiyoiweza.

Projekta haina mshono, na pikseli zake hutawanyika kwa ulaini unaopendeza hata ukiwa karibu. Ila inahitaji nafasi. Lenzi ya kawaida yenye uwiano wa 1.2 kati ya umbali wa projekta na upana wa picha hutaka mita 4.8 ili kujaza ukuta wenye upana wa mita 4, na mtu yeyote akipita katikati, kivuli chake kinaingia kwenye picha. Lenzi za karibu sana hupunguza tatizo hilo, lakini huonyesha kila kigongo cha plasta, kwa kuwa mwanga hupita ukutani kwa mshazari.

Ukuta ukiwa umezimwa

Jengo huishi saa 24 kwa siku, na ukuta wa picha huenda ukawaka saa 12. Nusu ya maisha yake ni ya giza, bado watu wanapita mbele yake, na katika michoro ya kumshawishi mshitiri nusu hiyo haichorwi kamwe. Hapa ndipo njia hizi nne zinapotofautiana kwa namna inayonigusa zaidi, na ningependa kila msanifu aanze hapa.

LED iliyozimwa ni ubao mweusi. Ukiwa wa mita za mraba 9 katikati ya ukumbi wa terazo nyeupe, ni shimo. LCD iliyozimwa ni kioo cheusi chenye mistari, kinachoonyesha vivuli vya wapita njia. Mfano bora ninaoujua wa kulikabili jambo hili kwa LED ni ukumbi wa Comcast Center, Philadelphia, uliofunguliwa mwaka 2008 ukiwa na ukuta wa LED wenye upana wa takribani mita 25 na kimo cha mita 7.7. Ukumbi ule umefunikwa kwa mbao, na skrini ilitengenezewa picha za mbao zilezile, ili isipokuwa na onyesho ionekane kuwa mwendelezo wa ukuta, hadi ghafla mtu anatembea kutoka ndani ya mbao. Ni kazi ya akili kubwa. Hata hivyo mbao zile zinahitaji umeme ili ziwe mbao, na mahali ambapo umeme hukatika, ukuta wa namna hiyo hukatika nao.

Uwanja wa ndege wa Changi, Singapore, ulichukua hatua nyingine katika Jengo la 4 lililofunguliwa Oktoba 2017. Ndani ya eneo la abiria kuna safu ya nyumba za maduka za mtindo wa Peranakan, na LED imeingizwa katika sura za baadhi ya nyumba hizo, ili madirisha na roshani za kweli ziendelee hadi kwenye madirisha na roshani za picha ambamo wahusika wanaishi. Skrini imepewa umbo la kitu kinachojulikana, na ukuta una sababu ya kuwapo hata pasipo hadithi.

Projekta ikizimwa, ukuta unarudi kuwa ukuta, pasipo alama. Kwa miji yetu ya kale jambo hili lina uzito wa pekee. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Nyumba za miji hiyo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ambazo hazipendi kutobolewa: nanga ya chuma inayoshikilia kilo mamia huvunja chokaa, na chuma chenyewe hushika kutu ndani yake na kupasua plasta. Makasha ya LED yakiwa na fremu yake huweza kufikia kilo 30 au zaidi kwa mita ya mraba, yaani kilo 270 kwa ukuta wetu wa mita za mraba 9. Projekta husimama juu ya meza, au hufungwa kwenye boriti, na ukuta hauguswi. Tena chokaa nyeupe isiyong'aa ni uso mzuri wa kupokea mwanga kuliko vitambaa vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Ukuta wenye zidaka, ambao kila kidaka chake kinaweza kupimwa na kupewa picha yake, ni zawadi kwa msanii wa projekta. Kuufunika kwa skrini ni kuupoteza. Nyumba hizo zina madirisha madogo na vyumba vya kiza cha baridi, kwa hiyo hata lile sharti la mwanga limetimizwa na wajenzi wa zamani.

Njia ya nne ndiyo pekee ambayo ukuta wake huongeza uzuri wa mchana na wa usiku kwa pamoja. Kunsthaus Graz ya Austria, jengo la Peter Cook na Colin Fournier lilifunguliwa mwaka 2003 likiwa na taa 930 za duara za floresenti nyuma ya ngozi ya akriliki ya buluu. Kundi la realities:united lililobuni mfumo huo liliipa kila taa kazi ya pikseli moja, na ukuta wa takribani mita za mraba 900 ukawa na pikseli 930 tu. Haiwezi kuonyesha filamu, nayo haijaribu. Inaonyesha mawimbi, maumbo yanayopumua, maneno mafupi yanayopita. Mchana jengo ni buluu tulivu, na taa huonekana kwa mbali tu kama mapambo. Juu ya Salesforce Tower ya San Francisco, msanii Jim Campbell aliweka mwaka 2018 vitaa vya LED vipatavyo 11,000 vinavyoelekezwa kwenye paneli za alumini ili mwanga urudi kwa upole. Picha zinazochukuliwa na kamera sehemu mbalimbali za mji huonekana juu ya mnara zikiwa na ukungu, lakini mtu anayetembea anatambulika mara moja. Jicho la mwanadamu hulitambua tendo hata pale lisipotambua sura, na ukweli huo ndio unaoifanya njia hii iwezekane.

Sisi tuna malighafi yake tayari. Tofali za matundu zinazopitisha upepo zimejengwa katika shule, makanisa, misikiti na nyumba za pwani kwa miongo mingi. Ukuta wa ndani wa mita 6 kwa mita 3, uliojengwa kwa tofali za sentimita 20, una matundu 450, karibu nusu ya pikseli za Graz. Weka nyuma ya kila tundu taa moja ya LED inayodhibitiwa peke yake, na ubao mweupe sentimita kadhaa nyuma yake ili mwanga urudi ukiwa umetawanyika. Mchana ukuta unapitisha hewa na kuchora vivuli sakafuni. Jioni unaonyesha mvua ikishuka, kivuli cha anayepita, au mawimbi yanayopanda. Maandishi marefu haitaweza, na nembo ya kampuni itatoka vibaya, jambo ambalo kwa maoni yangu ni faida.

Umeme, joto na hewa ya bahari

Ukuta wetu wa LED wa mita za mraba 9 huweza kudai hadi wati 600 kwa mita ya mraba picha ikiwa nyeupe kabisa, yaani kilowati 5.4, na nyaya lazima zipangwe kwa kiwango hicho. Kwa picha za kawaida wastani huwa kama theluthi moja, kilowati 1.8, ambazo kwa saa 12 ni uniti 21.6 kwa siku. Umeme huo wote huishia kuwa joto ndani ya chumba, na kiyoyozi kinalipa tena kuutoa, kwa takribani theluthi nyingine ya kiasi hicho. Skrini 9 za LCD hukaribia kilowati 1.8 pia. Projekta ya leza ya lumeni 6,000 hutumia karibu nusu kilowati. Taa 450 za wati moja nyuma ya tofali hutumia wati 450 zote zikiwaka kwa ukamilifu, jambo ambalo halitokei karibu kamwe. Kwa jengo linaloendeshwa na jenereta au betri za sola sehemu ya siku, tofauti hiyo hubadilisha mradi mzima.

Umeme unapokatika ghafla, projekta ya taa ya zamani huumia kwa sababu feni inasimama wakati taa bado ina moto mkali. Ya leza huvumilia zaidi. Leza pia hudumu takribani saa 20,000 kabla mwanga haujashuka kwa nusu, ambazo kwa saa 12 kila siku ni miaka minne na nusu, ilhali taa za zamani hubadilishwa kila baada ya saa elfu chache. LED na LCD zinahitaji ulinzi dhidi ya kupanda kwa umeme, na kompyuta inayozilisha picha inahitaji UPS yake, yaani betri ya kuishikilia umeme unapokatika. Ulinzi huu uandikwe katika mkataba, kwa kuwa wauzaji wengi huuchukulia kuwa kazi ya mwenye jengo.

Kisha kuna chumvi. Kutoka Lamu hadi Mtwara, ukumbi ulio wazi kwa upepo wa bahari hula viunganishi vya shaba na risasi bila haraka na bila kelele. Katika LED zipo aina mbili za ujenzi: ile ambayo vitaa vimesimama wazi juu ya moduli, na ile inayoitwa COB, ambayo vitaa vyote vimefunikwa kwa tabaka la utomvu mgumu. Ya pili ni ghali zaidi, lakini hustahimili unyevu, vumbi, na mikono ya watoto. Kwa hoteli ya ufukweni au korido ya shule nisingeshauri aina nyingine yoyote.

Vipuri

Pikseli zitakufa. Moduli za LED hutengenezwa kwa mafungu, na fungu la mwaka huu halilingani rangi na la mwaka ujao, kwa hiyo moduli mpya katikati ya ukuta wa miaka mitatu huonekana kama kiraka. Nunua vipuri vya fungu lilelile siku ileile, asilimia tatu hadi tano ya ukuta wote, na uvihifadhi mahali pakavu. LCD ina ugonjwa wa namna nyingine: kila skrini huzeeka kwa mwendo wake, na ukuta uliokuwa na weupe mmoja huwa na weupe tisa, hivyo fundi wa kuzisawazisha lazima arudi mara kwa mara. Hakikisha pia kwamba moduli zinafunguliwa kutoka mbele. Nyingine hufunguliwa kutoka nyuma, na huhitaji uchochoro nyuma ya ukuta ambao msanifu hakuupanga. Kwa upande wa tofali, fundi umeme wa mtaani mwenye ngazi hubadilisha taa iliyokufa, na hakuna atakayejua ipi ni mpya.

Nani atalisha ukuta

Mhudumu wa mapokezi hukaa mbele ya picha saa nane kwa siku. Mkanda wa dakika tatu unaojirudia atautazama mara 160 kabla ya kwenda nyumbani, na kesho yake tena. Mgeni hupita kwa dakika mbili, mfanyakazi huishi humo, na picha nyingi hutengenezwa kwa ajili ya mgeni peke yake. Kabla ya kununua chombo, tenga fungu la fedha kwa ajili ya picha za miaka mitatu ya kwanza. Kama fungu hilo linakuwa sifuri baada ya kulipia LED, basi punguza LED.

Ukuta hauna umbo la televisheni, kwa hiyo video za kununua mtandaoni hukatwa au kuvutwa hadi watu wakawa wanene. Chaguo la kudumu zaidi ni picha inayotengenezwa papo hapo na kompyuta kulingana na saa, hali ya hewa au mwendo wa watu, kama walivyofanya wasanii wa kundi la teamLab katika jengo lao la Odaiba, Tokyo, lililofunguliwa mwaka 2018 na kufungwa mwaka 2022, likiwa na kompyuta 520 na projekta 470. Kwa ukumbi mmoja kompyuta moja nzuri yatosha. Chaguo lingine ni polepole. Crown Fountain ya Jaume Plensa, iliyozinduliwa Chicago mwaka 2004, ina minara miwili ya tofali za kioo yenye kimo cha takribani mita 15, na ndani yake LED zinaonyesha nyuso za wakazi wapatao 1,000 wa mji huo, uso mmoja mmoja, kwa utulivu mkubwa. Imedumu kupendwa kwa sababu watu wanaotazama ni jamaa za wanaotazamwa. Taarabu, bandari, mashamba ya karafuu, wavuvi wakirudi: tunavyo vya kutazamwa polepole, na havihitaji kukopwa kutoka kwenye maktaba za video za kigeni.

Sharti moja ni la usalama: picha zisimwekemweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kiwango ambacho miongozo ya kimataifa ya tovuti inakitumia kuwalinda wenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Ukuta wa mita za mraba 9 ni mkubwa kuliko tovuti yoyote, na mtu hawezi kuufunga akaondoka.

Chumba kwa chumba

Ukumbi wenye vioo na jua unaitaka LED, ya milimita 2.5 au zaidi, ikiwa ndogo kuliko inavyotamaniwa na ikizungukwa na malighafi inayofanana na rangi yake nyeusi: jiwe jeusi, mninga uliotiwa rangi nzito, chuma. Kliniki, benki na makumbusho ziende kwa LCD bila haya. Nyumba ya mawe, ukumbi wa mikutano unaoweza kufungwa mapazia, na mgahawa wa usiku ni vya projekta ya leza. Hoteli mpya ya pwani, chuo au maktaba ambayo msingi wake haujachimbwa ina bahati ya kuweza kuchagua tofali na taa, kwa kuwa njia hiyo hupangwa pamoja na ukuta na haiwezi kuongezwa baadaye kwa uzuri uleule. Nyumbani sebuleni ningesita kwa njia zote isipokuwa projekta ndogo, ambayo ikizimwa inawarudishia watu ukuta wa picha za ndoa na za marehemu babu.

Kabla ya mkataba, mwombe mkandarasi alete kipande cha mita moja ya mraba cha kile anachokiuza, akisimamishe palepale ukutani, na akiache kuanzia saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku, nusu ya muda huo kikiwa kimezimwa. Asiyekubali kufanya hivyo kwa kazi ya mamilioni ya shilingi asipewe kazi.